Fosfeti katika Miamba ya Ngara na Biharamulo: Umri wa Jiwe na Njaa ya Udongo

Udongo wa Ngara na wa sehemu kubwa ya Biharamulo una njaa ya fosforasi. Dalili zake huonekana shambani kabla ya kufika maabara: mahindi machanga yakigeuka zambarau kingoni mwa majani, maharage yakidumaa, migomba iliyo mbali na nyumba ikikonda ilhali ile ya karibu, inayopata samadi na majivu, imenawiri. Mvua ipo na nguvu kazi ipo. Kinachokosekana ni kirutubisho ambacho, tofauti na naitrojeni, hakitoki hewani. Fosforasi hutoka kwenye jiwe. Kwa hiyo swali la jiolojia katika wilaya hizi mbili za Kagera ni swali la chakula pia: miamba ya mashapo iliyo chini ya vilima vyake inaweza kubeba fosfeti ya kuchimbwa? Na ikibeba, itamfaa mkulima anayeishi juu yake?

Msimamo wangu ni huu. Fosfeti ya mashapo ya kale hupimwa kwa mambo mawili kabla ya kupimwa kwa asilimia: umri wa mwamba, na moto uliopitia. Ngara ina mkosi katika yote mawili. Biharamulo ina nafasi bora kidogo. Wakati huohuo, udongo uleule unaolaumiwa kwa uchachu wake ndio unaofaa kuliko mwingine wowote kupokea fosfeti ya kusagwa tu, isiyopitia kiwanda cha kemikali. Mambo haya hayazungumzwi pamoja, na hapo ndipo tunapopotea.

Tuanze na miamba yenyewe. Mashariki ya Biharamulo ni ukingo wa kratoni ya Tanzania, yaani kiini kigumu cha bara ambacho kimekaa karibu bila kutikisika kwa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Humo mna miamba ya volkano ya kale inayobeba dhahabu ya Kanda ya Ziwa. Mgodi wa Tulawaka, uliochimbwa kati ya 2005 na 2013 na baadaye kuendelezwa na STAMIGOLD, ni mtoto wa miamba hiyo. Ukishika barabara ya Nyakanazi kwenda Lusahunga, Nyakahura na hatimaye Rusumo, unaiacha kratoni nyuma yako na kuingia taratibu katika nchi ya migongo mirefu na mabonde yanayofuatana.

Nchi hiyo ni sehemu ya mkanda wa Karagwe-Ankole, unaotoka kusini-magharibi mwa Uganda, ukapita Karagwe, Rwanda, Ngara na Burundi. Ulianza kama bonde kubwa lililojaa mchanga na tope. Mchanga ulizikwa, ukakandamizwa na kupashwa joto mpaka ukawa kwazaiti, jiwe gumu linalokataa kumomonyoka, na ndilo linaloshikilia migongo ya vilima. Tope likawa filaiti na shisti, mawe laini yanayochanika kama kurasa, na ndiyo yaliyochimbwa na mito kuwa mabonde. Umri wa mkanda huu tunaupata kwa msaada wa nikeli. Magma iliyoleta nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, na ile ya Musongati nchini Burundi, ilipenya katika mashapo haya takriban miaka milioni 1375 iliyopita. Tope lililopenywa lazima liwe la zamani zaidi ya magma iliyolipenya. Hivyo udongo wa Kabanga umelala juu ya mashapo yaliyotua majini kabla ya tarehe hiyo.

Kundi la tatu ni mawe ya mchanga ya Bukoba, yale yanayoonekana kama ngazi na kuta kando ya Ziwa Viktoria, yakiteremka kusini kupitia upande wa Biharamulo kuelekea Kibondo na Kigoma. Haya hayakukunjwa sana. Tabaka zake bado zimelala karibu sawasawa. Kusini, katika nchi ya Waha, familia hiyo ya miamba inaongezeka aina: mawe ya tope laini, chokaa ya dolomiti ya Ilagala, na lava za Gagwe zenye umri wa karibu miaka milioni 800. Wanajiolojia wa zamani waliyaweka yote katika mfumo mmoja uliopewa jina la Bukoba. Vipimo vya umri vilivyofuata vimeonyesha kwamba mfumo huo ulichanganya miamba ya nyakati tofauti, jambo ambalo kwa mtafuta fosfeti si dogo hata kidogo.

Kwa nini umri una uzito kiasi hicho? Jibu liko katika namna fosfeti inavyotua. Mwamba wa kawaida wa tope una P2O5, kipimo kinachotumika katika biashara ya fosfeti, isiyofika hata nusu ya asilimia 1. Ili uitwe mwamba wa fosfeti, wengi wanataka ufike asilimia 18 hivi. Kupanda huko hakutokei kwa bahati. Maji baridi ya kina kirefu, yaliyokusanya fosforasi ya viumbe vilivyooza, yanapanda juu kwenye ukingo wa bara. Viumbe vidogo vya baharini vinaila fosforasi hiyo, vinaongezeka, vinakufa na kuanguka kwenye tope. Bakteria wanaoishi katika tope lisilo na hewa wanaachia fosforasi kwenye maji yaliyonaswa kati ya punje, na hapo madini ya apataiti yanaanza kuganda kama punje ndogo. Kisha mawimbi hupepeta tope, yakipeleka udongo mwepesi mbali na kuacha punje nzito za fosfeti. Hatua ya mwisho inahitaji jambo moja ambalo mara nyingi husahaulika: mto usiwe karibu. Pale mto unapomwaga mchanga kwa wingi, fosfeti inazikwa ndani ya mchanga na kupotea, hata kama imeganda vizuri.

Mashine hii ya asili haikufanya kazi kwa nguvu sawa katika historia yote ya dunia. Kipindi cha kwanza kikubwa kilikuja karibu miaka bilioni 2 iliyopita, baada ya oksijeni kuanza kujaa angani. Cha pili kilianza takriban miaka milioni 600 hivi iliyopita na kuendelea hadi zama za Kambria. Huko ndiko zinakotoka hazina za Yunnan nchini China na Karatau nchini Kazakhstan. Baadaye zikaja za Idaho nchini Marekani, na hatimaye zile za mwisho wa zama za dinosaria na mwanzo wa zama za wanyama wanyonyeshao, zilizoipa Moroko utajiri wa Khouribga. Hazina za Moroko, zikihesabiwa pamoja na za Sahara Magharibi, ni karibu asilimia 70 ya akiba ya fosfeti inayojulikana duniani.

Kati ya kipindi cha kwanza na cha pili pana pengo refu, tangu miaka bilioni 1.8 hivi iliyopita hadi milioni 800, ambapo mashapo ya fosfeti ni machache mno duniani kote. Bahari za wakati huo zilikuwa na oksijeni kidogo na virutubisho haba, na uhai ulibaki kwa sehemu kubwa kuwa wa viumbe wa seli moja. Sasa turudi Kabanga. Mashapo ya mkanda wa Karagwe-Ankole yalitua ndani ya pengo hilohilo. Hili halithibitishi kwamba hayana fosfeti. Linasema kwamba anayeitafuta humo anashindana na historia ya bahari nzima, na tabaka tajiri likipatikana litakuwa habari ya kushangaza dunia, si Kagera peke yake.

Upo mfano wa kutia moyo, na haki inataka tuutaje. Huko Jhamarkotra, karibu na mji wa Udaipur nchini India, fosfeti inachimbwa katika mashapo ya kale sana ya Aravalli, ya umri wa kipindi kile cha kwanza. Lakini tazama imekaa wapi: ndani ya chokaa ya dolomiti, katika nguzo zilizojengwa na bakteria kwenye bahari ya kina kifupi na maji safi, mbali na mito. Mfano mwingine uko Afrika ya Magharibi, pembezoni mwa kratoni kama yetu: fosfeti ya Kodjari nchini Burkina Faso na ya Tapoa nchini Niger, zilizomo katika mashapo ya bonde la Volta na yaliyotua baada ya lile pengo kumalizika. Ukiifuata mifano hii miwili, migongo ya kwazaiti ya Ngara inaondoka kwenye orodha mara moja, kwa kuwa kwazaiti ni mchanga wa mito na fukwe. Yanabaki mawe ya tope laini na dolomiti ya familia changa zaidi, ile inayogusa upande wa Biharamulo na kuenea Kibondo na Kigoma. Kama ningepewa gari moja na msimu mmoja wa kiangazi, ningeanzia huko na si Kabanga.

Hata hivyo Kabanga ina jambo moja linalonizuia kuifuta kabisa. Mashapo yanayozunguka nikeli yana tabaka za tope jeusi lenye salfa nyingi. Sehemu kubwa ya salfa iliyogandisha mbale za nikeli ilitoka katika tope hilo. Tope jeusi lenye salfa lina maana ya maji yaliyokosa hewa na yenye mabaki ya viumbe, na hayo ni mazingira ya jirani na yale yanayogandisha fosfeti. Tangu mradi wa Umoja wa Mataifa ulipofanya utafiti wa nikeli huko katika miaka ya 1970, kampuni moja baada ya nyingine imechoronga Kabanga, na uchorongaji huo umepita katika tope jeusi mara nyingi. Wote walikuwa wanatafuta nikeli, shaba na kobalti. Kupima fosforasi katika vipande vya miamba vilivyokwisha kutolewa ni kazi ya maabara, haihitaji shimo jipya hata moja. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na faida ya kupata jibu.

Moto ndio kikwazo cha pili, na kwa mkulima ni kikubwa kuliko cha kwanza. Apataiti iliyotua katika mashapo machanga ina kaboneti ndani ya fuwele zake, na fuwele hizo ni ndogo na dhaifu. Ukiisaga na kuitia katika udongo mchachu, inayeyuka. Mwamba unapozikwa kilomita nyingi chini na kupashwa joto, kama ilivyotokea kwa shisti za Ngara, kaboneti inatoka, fuwele zinakua na kuimarika, na jiwe linakuwa sugu. Linaweza kuonyesha asilimia nzuri maabara na bado likakaa shambani miaka mingi bila kumpa mche chochote. Jiwe la namna hiyo linahitaji kiwanda cha tindikali ya salfa kuligeuza kuwa mbolea, na kiwanda hakijengwi kwa tabaka la mita mbili lililoinama chini ya kilima. Basi mtu akija Ngara au Biharamulo na habari ya fosfeti, asiulizwe asilimia tu. Aulizwe unene wa tabaka, umbali linaoenea, mwinamo wake, na zaidi ya yote, jiwe lake linayeyuka kwa kiasi gani katika asidi dhaifu.

Tanzania inao mfano wa jiwe linaloyeyuka. Minjingu, mashariki ya Ziwa Manyara kando ya barabara ya Arusha kwenda Babati, iligunduliwa mwaka 1956 baada ya ndege kupima mionzi ardhini. Fosfeti huvuta urani, na urani ndiyo iliyowaelekeza watafutaji. Uchimbaji ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, na jiwe lake likapelekwa kiwanda cha mbolea cha Tanga hadi kiwanda hicho kilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Fosfeti ya Minjingu haikutoka baharini. Ilitua katika ziwa la kale lililokuwa kubwa kuliko Manyara ya leo, kukiwa na kilima kama kisiwa ambako ndege aina ya mnandi walizaliana kwa wingi, wakila samaki na kuacha kinyesi na mifupa. Ni changa mno kwa hesabu za jiolojia, haikupashwa moto, na ndiyo sababu inayeyuka vizuri kuliko fosfeti nyingi za Afrika.

Wapo watakaouliza kama Ziwa Burigi na mabwawa ya Mto Kagera yangeweza kuwa na Minjingu yao. Nina shaka, na sababu ni mwendo wa maji. Kagera zamani ilielekea magharibi. Ardhi ilipoinuka pembeni mwa bonde la ufa, mto uligeuka na kumwaga maji upande wa Ziwa Viktoria, ukiacha njiani maziwa na vinamasi. Maji hayo yana njia ya kutoka na hubeba virutubisho vyake kwenda mbele. Minjingu ilihitaji ziwa lililofungwa, lenye chumvichumvi, ambalo kila kilichoingia kilibaki. Vinamasi vya Kagera vinahifadhi mboji na udongo mfinyanzi, na hiyo ni hazina ya aina nyingine.

Jirani zaidi kuna fosfeti isiyo ya mashapo kabisa. Matongo, kaskazini-magharibi mwa Burundi, ni mwamba wa kabonatiti, yaani magma yenye chokaa nyingi, na makadirio yaliyochapishwa yanaipa tani milioni 17 hivi zenye P2O5 ya asilimia 11. Iko katika eneo la juu la Mto Ruvubu, mto uleule unaoingia Ngara na kukutana na Kagera karibu na Rusumo. Uganda ina Sukulu, Tororo, yenye zaidi ya tani milioni 200. Tanzania ina Panda Hill, Mbeya. Ukizitazama kwenye ramani, utaona kwamba fosfeti nyingi za Afrika Mashariki zililetwa na magma na ndege, na kidogo sana na bahari. Kwa hiyo anayesubiri Khouribga ya Kagera anasubiri kitu ambacho ukanda wetu haujazoea kukizaa.

Sasa tuje kwenye udongo, kwani hapo ndipo hoja inapogeuka kuwa njema. Udongo mwekundu uliotokana na shisti na mawe ya mchanga umeoshwa na mvua kwa muda mrefu; kalisi na magnesi zimeondoka, chuma na alumini zimebaki. Uchachu unapopanda, yaani pH inaposhuka chini ya 5.5, chuma na alumini hushika fosforasi kwa nguvu kiasi kwamba mizizi haiipati. Mkulima akitia mbolea ya DAP kidogo, sehemu yake kubwa hufungwa kabla ya mavuno. Lakini uchachu huohuo, pamoja na upungufu wa kalisi, ndio unaoyeyusha unga wa fosfeti ya Minjingu. Magharibi mwa Kenya, katika miaka ya 1990, watafiti wa ICRAF, kituo cha utafiti wa kilimo mseto, na wenzao walitumia Minjingu katika udongo mchachu, wakaichanganya na majani ya alizeti pori, na mahindi yakaitikia vizuri, mara nyingi kwa kukaribia mbolea ya kiwandani ya TSP. Udongo wa Ngara unafanana na ule kwa tabia kuliko unavyofanana na udongo wa kaskazini penye chokaa, ambako unga huohuo hukaa tu kama mchanga.

Kuna tahadhari moja ambayo maafisa ugani wanapaswa kuisisitiza. Shamba lililotiwa chokaa nyingi halifai kwa fosfeti ya kusaga kwa msimu huo, kwa sababu chokaa inaondoa uchachu unaofanya kazi ya kuyeyusha. Ni moja au nyingine, au ni fosfeti kwanza na chokaa baadaye. Na unga huo ni vumbi lenye urani kidogo. Anayeusambaza afunike pua, na chembechembe zilizofinyangwa ni salama zaidi kuliko unga mtupu.

Wazee wa Uhayani walilitatua tatizo hili bila jiwe. Ng'ombe walilishwa kwenye rweya, yaani mbuga za malisho, mchana na kulala nyumbani usiku, na samadi ikaenda kwenye kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani. Fosforasi ya mbuga pana ilikusanywa kwenye kipande kidogo cha migomba, mwaka baada ya mwaka. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi, na mfumo huo ulipata pigo kubwa. Watu wameongezeka tangu hapo na malisho yamepungua, Ngara hali kadhalika. Samadi peke yake haitoshi tena. Haiongezi fosforasi katika wilaya, huihamisha tu kutoka shamba moja kwenda jingine. Kitu kipya lazima kitoke nje ya shamba, na nje hapo maana yake ni mwamba.

Bei za mbolea zilipopaa duniani mwaka 2022, Serikali ilileta ruzuku, na ilikuwa sahihi. Lakini ruzuku ya mbolea inayotoka nje hulipia meli na tindikali za mbali, wakati jiwe linaloyeyuka katika udongo wa Kagera liko Manyara. Njia kutoka Minjingu kupitia Singida, Nzega, Kahama na Nyakanazi ni ndefu, na nauli ndiyo itakayoua mpango huu kama haitatazamwa. Malori mengi yanayobeba mizigo kwenda Rwanda na Burundi hupita Lusahunga na Nyakahura. Kugawana nafasi nayo ni kazi ya mipango, haihitaji uvumbuzi.

Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania inayo mamlaka na maabara ya kupima fosforasi katika vipande vya miamba vilivyochorongwa Kabanga, na kupitia upya vipimo vya mionzi vya ndege kwa upande wa Biharamulo, tabaka za tope na dolomiti zikipewa kipaumbele. Halmashauri za Ngara na Biharamulo ziiombe kazi hiyo kwa maandishi, na matokeo yatangazwe hadharani hata kama ni sifuri. Na wakati majibu yakisubiriwa, mifuko ya Minjingu ifike Rulenge na Nyakahura kabla ya mvua za Septemba.